Amepona, kisha akaugua tena: kisa kimoja cha Ebola Kivu Kaskazini

Desemba 2018, kijana mmoja wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alichanjwa dhidi ya Ebola. Juni 2019 akaugua Ebola. Alilazwa kwenye kituo cha matibabu, akatundikiwa dripu ya dawa iliyokuwa bado kwenye majaribio, na wiki mbili tangu dalili zilipoanza alikuwa ameshapona. Miezi sita baadaye homa ikamrudia. Alipopimwa, damu ilikuwa na virusi vya Ebola kwa mara nyingine, na safari hii hakunusurika. Kwake ndiko ulikoanzia mnyororo wa maambukizi uliozaa wagonjwa 91 katika zoni sita za afya, kwa muda wa miezi minne.

Watafiti waliochapisha habari zake mwaka 2021, wakiongozwa na Placide Mbala-Kingebeni wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, INRB, hawakumtaja jina. Nami sitafuti kulijua. Kuna sababu kubwa kuliko siri ya kawaida kati ya daktari na mgonjwa, na nitaifikia.

Kila ninapokisimulia kisa hiki, swali la kwanza huwa ni la chanjo: kumbe haifai? La pili huwa ni la dawa. Swali la waliopona huja mwisho, tena kwa sauti ya chini, na mara nyingi huja likiwa limeshajijibu lenyewe kwa hofu. Mimi naona hilo la mwisho ndilo kiini cha kisa chote, lakini haliwezi kujibiwa kwa haki kabla ya yale mawili.

Mlipuko wenyewe ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, wagonjwa wa kwanza wakiwa Mangina, mji mdogo katika zoni ya afya ya Mabalako. Ulikuwa wa 10 kwa Kongo tangu ugonjwa huu ujulikane Yambuku mwaka 1976. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa wa pili kwa ukubwa duniani, nyuma ya ule wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016: wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Zaidi ya watu 1,100 walipona.

Haya yote yalitokea kwenye vita. Beni na Butembo zilikuwa zimeshazoea mauaji ya raia miaka kadhaa kabla Ebola haijafika, na wakazi walijiuliza, kwa haki kabisa, kwa nini dunia ilikuja mbio kwa ajili ya kirusi hali haikuwahi kuja kwa ajili ya panga. Desemba 2018 upigaji kura wa uchaguzi wa rais ukaahirishwa katika miji hiyo miwili, na Ebola ikatajwa miongoni mwa sababu. Hapo wengi wakahitimisha kwamba ugonjwa ni hila ya wanasiasa. Wahudumu wote, wa serikali na wa mashirika, wakaitwa kwa jina moja la Kifaransa, Riposte, na jina hilo halikutamkwa kwa upendo kila mahali. Mwishoni mwa Novemba 2019 watu wenye silaha waliwavamia wahudumu hao Biakato na Mangina wakaua wanne. Wafanyakazi wengi waliondolewa, na kazi ya kuwafuata watu waliokaribiana na wagonjwa ikadhoofika sehemu hizo. Ni katika kipindi hicho hicho kijana wetu aliugua tena.

Sasa chanjo. Iliyotumika ilitengenezwa kwa kuchukua kirusi cha mifugo kisichomdhuru sana binadamu, kukivua protini yake ya juu na kukivalisha ile ya Ebola, ili mwili ujifunze kuitambua sura ya adui bila adui mwenyewe kuwemo. Hutolewa dozi moja, kwa mtindo wa kumzungushia mgonjwa duara: waliomkaribia wanachanjwa, kisha waliowakaribia hao. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa katika mlipuko huu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba, siku 10 au zaidi baada ya sindano, chanjo ilipunguza uwezekano wa kuugua kwa takriban asilimia 84. Huo ni ulinzi mkubwa mno kwa ugonjwa kama huu, lakini asilimia 84 si asilimia 100, na watu wachache walioangukia kwenye pengo hilo walikuwepo. Kuna hesabu nyingine ambayo huwa naona haisemwi vya kutosha: miongoni mwa waliougua, waliokufa walikuwa asilimia 56 ya wasiochanjwa, na asilimia 25 ya waliochanjwa. Kwa hiyo chanjo ilimkosa kijana huyu kama kinga ya kutoambukizwa. Kama ilimsaidia kuvuka ule ugonjwa wa kwanza hatuwezi kujua kwa mtu mmoja mmoja, lakini kwa hesabu za wengi, inawezekana kabisa.

Habari ya dawa ni ndefu zaidi, na ni ya Kongo tangu mwanzo. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, wakaugua watu 315, na wanne katika kila watano wakafa. Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye mwaka 1976 alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kufika Yambuku, alichukua damu ya waliopona Kikwit akawatia wagonjwa wanane. Saba walipona. Wenzake wa nje hawakuridhika. Walisema ni wagonjwa wachache, hakukuwa na kundi la kulinganisha, na pengine hao saba wangepona hata bila damu hiyo. Kisayansi walikuwa na hoja. Lakini wazo halikufa. Mwaka 2006, miaka 11 baada ya mlipuko, damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ilichunguzwa upya, na ndani yake zikapatikana chembe zilizokuwa bado zinakumbuka Ebola na kutengeneza kingamwili dhidi yake, yaani protini za kinga zinazokishika kirusi. Maabara ya Nancy Sullivan nchini Marekani na watafiti wa Bellinzona, Uswisi, wakaitenga kingamwili moja iliyoonekana kuwa kali kuliko nyingine na kuiita mAb114.

Kazi yake inaeleweka vizuri ukijua jinsi kirusi kinavyoingia kwenye seli. Ebola humezwa na seli kikiwa ndani ya kifuko kidogo. Humo ndani vimeng'enya vya seli hukata kifuniko cha protini ya kirusi, na sehemu iliyokuwa imefichwa hujitokeza ikashika kitasa cha seli kinachoitwa NPC1. Bila kitasa hicho, mlango haufunguki. Kingamwili nyingi hung'oka pale kifuniko kinapokatwa. mAb114 hubaki imeng'ang'ania palepale, kirusi kikabaki kifukoni.

Majaribio yaliyoipima yalianza Novemba 2018. Jina lake kwa Kiswahili ni Pamoja Tulinde Maisha, na kifupi PALM kinachosomwa katika majarida ya tiba duniani kote kimetokana na maneno hayo. Nakiri kwamba kila nikikikuta kifupi hicho najisikia fahari, kwa sababu lugha ya masoko ya Beni na Butembo iliingia kwenye jina la mojawapo ya majaribio muhimu ya dawa ya karne hii. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura katika dawa nne, risasi zikiwa hazijanyamaza, na vituo vya Katwa na Butembo vikishambuliwa na kuchomwa mapema mwaka 2019. Agosti 2019 kamati huru ya usalama iliangalia takwimu ikasema mbili zisimamishwe, kwa kuwa tofauti ilikuwa imeshaonekana. Katika siku 28, waliokufa kwa kundi la ZMapp walikuwa asilimia 49.7, wa remdesivir 53.1, wa mAb114 35.1, na wa REGN-EB3, ambao ni mchanganyiko wa kingamwili tatu, 33.5. Waliofika mapema, damu ikiwa bado na virusi vichache, walikufa mmoja katika kila 10 hivi kwa hizo dawa mbili bora. Kwa ugonjwa uliokuwa ukiitwa hukumu ya kifo, hayo ni mageuzi. Mwishoni mwa 2020 zote mbili ziliidhinishwa Marekani, na Agosti 2022 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza kwa nguvu zote.

Kijana wetu alipewa mAb114. Akapona.

Alipougua tena, wachunguzi walikuwa na uwezekano wa namna mbili. Ama aliambukizwa upya na mtu mwingine, jambo ambalo halikutarajiwa kwa mtu aliyekwisha kupambana na kirusi hichohicho, au virusi vya Juni havikuwahi kuondoka. Zamani swali kama hilo lingebaki mezani milele. Jibu lilipatikana kwa kusoma jenomu, yaani maandishi yote ya urithi ya kirusi. Jenomu ya Ebola ina herufi kama 19,000, na kila kirusi kinaponakiliwa makosa madogo huingia, moja hapa, moja pale. Makosa hayo hurithiwa, kwa hiyo kwa kulinganisha virusi vya wagonjwa wawili unaweza kujua nani yuko karibu na nani kwenye ukoo. INRB ilikuwa imeshajenga uwezo wa kufanya kazi hiyo nchini, Kinshasa kwanza na baadaye Katwa, karibu kabisa na wagonjwa. Mamia ya jenomu za mlipuko huu zilisomwa na Wakongo wenyewe, bila kusubiri sampuli zisafirishwe hadi bara jingine na majibu yarudi mlipuko ukiwa umekwisha.

Kama kijana angeambukizwa upya, virusi vyake vingefanana na vilivyokuwa vikizunguka mitaani kwa wakati ule, ambavyo vilikuwa vimeshapita watu wengi na kukusanya alama zao. Havikufanana navyo. Vilikuwa wazao wa virusi vyake mwenyewe vya Juni. Na virusi vya wagonjwa waliofuata, kutoka zoni moja hadi nyingine, vilibeba alama zilizoanzia kwake. Watafiti walioingia vijijini kuuliza nani alimtembelea nani walikuwa na orodha moja. Maabara ilikuwa na orodha nyingine. Ziliungana kwa mtu yuleyule.

Kwamba Ebola hujificha mwilini halikuwa jambo geni. Wakati wa mlipuko wa Afrika Magharibi, daktari mmoja wa Marekani aliyeugua Sierra Leone na kupona alikutwa na virusi hai ndani ya jicho, hata rangi ya jicho lake ikabadilika kutoka buluu kuwa kijani. Muuguzi wa Scotland alipata homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na Ebola miezi tisa baada ya kupona. Nchini Guinea, mtu mmoja aliambukiza kwa njia ya manii zaidi ya siku 500 tangu alipougua. Macho, ubongo na korodani ni sehemu ambazo mwili huzilinda dhidi ya jeshi lake lenyewe la kinga, kwa sababu vita vikipiganwa humo madhara yake hayarekebishiki. Kirusi kinachowahi kuingia humo hupata makimbilio.

Upya wa kisa cha Kivu uko kwingine. Ugonjwa haukurudi kwenye jicho peke yake wala ubongo peke yake. Ulirudi mwili mzima, virusi wakiwa kwenye damu, na ukaambukiza watu kama vile mgonjwa ni mgeni kabisa kwa Ebola. Hilo halikuwa limewahi kuthibitishwa namna hiyo.

Je, dawa ilichangia? Hapa inabidi kupima maneno. Kingamwili iliyotiwa kwa dripu si kinga ambayo mwili umejitengenezea. Ni silaha ya kuazima, nayo hupungua. Kiasi cha mAb114 kwenye damu hushuka kwa nusu kila siku 24 hivi. Piga hesabu ya miezi sita: nusu ya nusu ya nusu, mara saba na zaidi, hadi inabaki chini ya sehemu moja ya mia ya kile alichopewa. Wakati huohuo kingamwili hupenya kwa shida sana kwenye ubongo na korodani. Na kwa kuwa dawa inawahi kufagia virusi kwenye damu, yawezekana mwili wa mgonjwa hupata muda mfupi wa kujifunza kutengeneza kinga yake imara. Ukiyaweka pamoja, unapata picha ya kirusi kilichojificha, mlinzi wa kuazima akaondoka, na mlinzi wa nyumbani hakuwa ameiva. Ni maelezo yanayoingia akilini, na kwa mtu mmoja hayawezi kuthibitishwa. Yanapata uzito kutoka kwa utafiti wa nyani uliochapishwa Marekani mwaka 2022: kati ya nyani 36 waliotibiwa kwa kingamwili wakanusurika, saba walikutwa na virusi vilivyobaki kwenye vyumba vya maji ya ubongo, na baadhi yao waliugua tena na kufa baada ya kuonekana wamepona.

Lakini anayesoma hayo akasema afadhali dawa zisitumike, amekosea hesabu. Bila dawa hizo wengi wa waliopona wasingekuwepo wa kujadiliwa. Mtu aliyekufa kituoni siku ya tano hana mahali pa kujificha kirusi kwa miezi sita. Tatizo hili limezaliwa na mafanikio, na njia ya kulikabili ni kuongeza kitu juu ya dawa: kumfuatilia mgonjwa baada ya kuruhusiwa, na kutafuta dawa nyingine ndogo zinazoweza kupenya kwenye maficho na kutumika pamoja na kingamwili.

Basi na waliopona, tuwaogope? Nilisema nitaeleza kwa nini jina la kijana huyu lisitafutwe. Waliotoka kwenye vituo vya Beni na Butembo wakiwa hai walirudi kwenye nyumba zilizochomwa vitanda na nguo, kwa wapangaji waliowafungia milango, kwa wateja walioacha kununua kwenye meza zao. Hao hao ndio waliolea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa iliaminika wao tu ndio wanaoweza kuwabeba watoto hao bila kuogopa. Waliwaosha wagonjwa, waliwabembeleza wasiotaka kuchomwa sindano, walisimama makanisani kusema ugonjwa upo. Sasa mtafutie mmoja wao jina, libandike kwenye ugonjwa wa watu 91, uone watakavyoishi wengine zaidi ya elfu moja. Kijana yule hakufanya kosa lolote. Alichanjwa alipoitwa, alikubali kulazwa wakati wengine walikimbia, alikubali kuingia kwenye utafiti.

Kosa, kama ni lazima liwepo mahali, lilikuwa kwenye jinsi sote tulivyolitumia neno kupona. Kituoni lilikuwa na maana ya vipimo viwili vya damu visivyoonyesha virusi. Nje ya lango, familia, majirani na hata wauguzi wa zahanati walilisikia kama yamekwisha. Nani angeshuku Ebola kwa mtu aliyechanjwa, akaugua, akatibiwa na kupona? Mtu wa namna hiyo akija na homa, Kivu Kaskazini, utafikiria malaria kwanza, na mara nyingi mno utakuwa sahihi.

Ndiyo maana naamini huduma kwa waliopona haikupaswa kamwe kuwa nyongeza ya mwisho wa mradi. Mpango wa kuwafuatilia ulikuwepo: kuwapima macho, kupima manii ya wanaume kila mwezi hadi majibu mawili yawe safi, kuwapa kondomu na ushauri. Lakini mpango wa namna hiyo hutegemea mtu arudi mwenyewe kliniki, kwa hiari, mwezi hadi mwezi, mahali ambapo barabara ina waasi na ambapo kuonekana unaingia kwenye lango hilo ni kujitangaza upya. Watu hurudi mahali wanapotibiwa na mambo yao mengine pia, viungo vinavyouma, usingizi uliopotea, macho yaliyofifia, na wanapoitwa kwa majina yao kwa heshima. Mtu anayejua atapokelewa vizuri huja siku ya kwanza ya homa. Anayejua atashutumiwa hujificha hadi siku ya sita, na Ebola huambukiza zaidi kadiri siku zinavyokwenda.

Baada ya 2020, swali lililoulizwa kwa kijana huyu likawa linaulizwa kila Ebola inapoibuka: imetoka kwa mnyama au kwa mtu? Februari 2021 Guinea ilipata wagonjwa wapya, na jenomu ikaonyesha kirusi kilikuwa kimekaa ndani ya binadamu tangu mlipuko uliokwisha 2016. Mwezi huohuo Ebola ilirudi eneo la Butembo, ikiwa na uhusiano na mlipuko wa 2018 hadi 2020. Wagonjwa 12, vifo sita. Oktoba 2021 ikarudi Beni, wagonjwa 11. Mwaka 2025, Bulape mkoani Kasai, jibu likawa tofauti: kirusi kipya kutoka porini. Jibu hilo hubadilisha kazi ya kesho yake asubuhi. Kama ni mnyama, unatafuta nyama ya porini iliyogusa mikono ya nani. Kama ni mtu, unarudi kwa familia za waliopona, na namna unavyobisha hodi ndiyo itakayoamua kama utafunguliwa.

Agosti 2022, Beni, mgonjwa mmoja alifariki hospitalini akiwa amelazwa kwa maradhi mengine. Sampuli ilichukuliwa, ikaonyesha Ebola, jenomu ikasomwa, na kirusi kikawa cha ukoo uleule wa Kivu. Waliomkaribia wakatafutwa na kuchanjwa. Tarehe 27 Septemba mlipuko ukatangazwa kwisha. Kwenye safu ya wagonjwa iliandikwa tarakimu moja: 1.